Mtambo Mpya Hauponyi Kazi Mbovu



Imekuwa desturi katika ofisi na viwanda vingi kuamini kwamba kazi ikizorota, dawa yake ni kununua mtambo wa kisasa. Kompyuta huagizwa, utepe hukatwa na makofi hupigwa. Baada ya miezi michache kazi hukutwa pale pale ilipokuwa, isipokuwa sasa kuna deni. Yafaa jambo hili lipimwe kwa mfano ulio wazi, nao ni wa kiwanda cha magari cha Fremont, katika jimbo la California nchini Marekani.

Kiwanda hicho kilikuwa mali ya General Motors, nacho kilifungwa mwaka 1982. Sifa yake ilikuwa mbaya: utoro ulikithiri, migogoro haikwisha, na magari yalitoka na kasoro. Mwaka 1984 kilifunguliwa tena kwa ubia na Toyota ya Japani, kwa jina la NUMMI, na Toyota ikashika usukani. Wengi wa walioajiriwa walikuwa wafanyakazi wale wale wa zamani, na chama chao kilikuwa kile kile. Wala mitambo haikuwa ya ajabu. Kilichobadilika ni utaratibu. Mamia ya viongozi wa vikundi walipelekwa Japani kujifunza. Kila mfanyakazi alipewa haki ya kuvuta kamba ili kazi isimame aonapo kasoro, badala ya kuiacha ipite. Biashara ilipolegea katika miaka ya mwisho ya 1980, watu walipewa mafunzo badala ya kuachishwa kazi. Katika muda wa miaka miwili hivi, kiwanda kilekile kilichodharauliwa kikawa miongoni mwa vilivyo bora kabisa vya General Motors.

Wakati huo huo, General Motors yenyewe, chini ya mwenyekiti wake Roger Smith, ilikuwa ikimwaga mabilioni ya dola katika roboti na kompyuta. Mwaka 1985 ilifungua kiwanda kipya mjini Detroit chenye roboti zipatazo 260. Baadhi ya roboti hizo zilipakana rangi zenyewe kwa zenyewe, na kazi ilisimama mara kwa mara huku mafundi wakihangaika kusahihisha programu. Fedha zilikuwapo na mitambo ilikuwapo. Kilichokosekana ni watu walioandaliwa na kazi iliyopangwa.

NUMMI ilifungwa mwaka 2010, na majengo yake yakanunuliwa na Tesla. Ajabu ni kwamba somo lililofundishwa hapo lilisahauliwa hapo hapo. Mwaka 2018 Tesla ilishindwa kufikia malengo yake ya kuunda magari, na mkuu wake, Elon Musk, akakiri hadharani kwamba kutumia mitambo ya kujiendesha kupita kiasi lilikuwa kosa.

Pengine mtu atasema kwamba hayo ni mambo ya mataifa tajiri. La, hasha. Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Mahesabu ya Serikali yalipohamishiwa kwenye mashine pasipo wataalamu wa kutosha, yalivurugika. Na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Amri hiyo iliokoa fedha za kigeni, lakini pia ilichelewesha ujuzi. Hivyo basi, kuipokea mashine kwa pupa ni kosa, na kuikimbia kwa hofu nako si dawa.

Ni dhahiri kwamba kabla ya idara au shule kununua mtambo, hapana budi maswali matatu yajibiwe. Je, kazi yenyewe inafahamika hatua kwa hatua? Je, atakayeutumia amefundishwa, na ameulizwa maoni yake? Je, akiona kasoro, anayo ruhusa ya kusema “simama” bila kuadhibiwa? Mahali ambapo karani au mwalimu hana ruhusa hiyo, kosa dogo la asubuhi huingizwa katika kompyuta, na kufikia jioni limekwisha kuwa kosa la wilaya nzima. Kisha lawama humwangukia yeye aliyelitambua mapema na kunyamazishwa.

Mashine huongeza kasi ya kile ilichokikuta. Ikikuta utaratibu, huustawisha. Ikikuta fujo, huieneza.