Jumba Kubwa na Haki ya Kuuliza Sababu



Tumeombwa tuseme juu ya sheria na majengo makubwa. Huenda wengine wenu wanajiuliza majengo yana uhusiano gani na haki za wananchi. Wanaoukumbuka mwaka 1989 hawaulizi. Mwaka huo, kampuni ya magazeti iliyokuwa na ubia wa chama tawala ilitaka kujenga mnara wa ghorofa 60 ndani ya Bustani ya Uhuru, Nairobi. Profesa Wangari Maathai alipoandika barua za kupinga, alibezwa Bungeni. Alipokwenda Mahakama Kuu, kesi yake ilitupwa Desemba mwaka huo huo kwa hoja kwamba hakuwa na haki ya kusimama mbele ya mahakama, kwani hakuonyesha madhara yaliyompata yeye binafsi. Yaani bustani ilikuwa mali ya wote, na kwa kuwa ilikuwa ya wote, hapakuwa na hata mmoja aliyeruhusiwa kuitetea!

Sasa tuitazame London, ambako sheria zetu nyingi za mipango ya ardhi zilichotwa. Tajiri mmoja, Peter Palumbo, alikuwa amenunua viwanja kwa miaka mingi karibu na Mansion House, makao rasmi ya Meya wa Jiji. Alitaka kubomoa majumba ya kale na kusimamisha mnara wa kioo na chuma wa karibu mita 90, uliobuniwa na Mies van der Rohe, msanifu aliyefariki mwaka 1969. Mwaka 1982 Halmashauri ya Jiji ilimnyima kibali, naye akakata rufaa.

Rufaa hiyo ilipelekwa kwenye uchunguzi wa hadhara mwaka 1984. Huko mkaguzi huketi mbele ya watu wote. Mwenye mradi huleta wasanifu wake, nao huulizwa maswali na mawakili wa upande wa pili. Vyama na majirani nao hupewa nafasi. Kisha mkaguzi huandika ripoti, na katika shauri kubwa kama hili Waziri ndiye huamua. Mwaka 1985 Waziri Patrick Jenkin alikataa mnara ule.

Palumbo hakukata tamaa. Alirudi na mchoro mwingine wa msanifu James Stirling, akanyimwa kibali tena, na uchunguzi wa pili ukafanyika mwaka 1988. Safari hii Waziri Nicholas Ridley alikubali, mwaka 1989, ingawa majengo manane yaliyohifadhiwa kisheria yangebomolewa. Chama cha kutetea majengo ya kale kilikwenda mahakamani, na kutomiliki tofali pale hakukukizuia kusikilizwa. Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi wa Waziri mwaka 1990. Mwaka 1991 majaji wa Baraza la Malordi wakaurudisha. Jumba lilikamilika mwaka 1997 na (dunia ina vituko) mwaka 2016 nalo likaorodheshwa miongoni mwa majengo ya kuhifadhiwa.

Mtatuambia: basi walioshitaki walishindwa, faida iko wapi? Tazameni walichokuwa wakigombania. Majaji wale walisisitiza kwamba sababu za Waziri sharti zieleweke, zitosheleze, na zigusie hoja kuu zilizobishaniwa. Walichotofautiana na wenzao wa Rufani ni kama sababu zile zilifikia kipimo hicho. Maneno ya Waziri yalipimwa moja moja mezani. Mnara wa Nairobi uliachwa baada ya kelele za wananchi na kusita kwa wafadhili wa nje, lakini hakuna aliyelazimishwa kuketi hadharani aulizwe kwa nini ujengwe pale.

Hatusemi kila baraza ni la haki. Nabothi naye aliketishwa mbele ya wazee wa mji, na mashahidi walikuwa wamekwisha kuandaliwa. Isitoshe, mabaraza ya namna hii hula fedha nyingi, na wanaofaidi kwanza ni sisi mawakili.

Hata hivyo, mlango uliofungwa mwaka 1989 sasa u wazi. Kifungu cha 70 cha Katiba ya 2010 kinamruhusu mtu kudai haki ya mazingira bila kuonyesha kwamba yeye mwenyewe amedhurika. Kifungu cha 47 kinampa haki ya kupewa sababu kwa maandishi yule ambaye haki yake imeguswa na uamuzi wa kiserikali. Nayo sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019 inamruhusu mwombaji wa kibali, pamoja na mhusika mwingine asiyeridhika, kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ndani ya siku 14 tangu uamuzi utolewe.

Siku 14 ni chache. Tumeona zikipita kamati ya mtaa ikingali inatafuta mwenyekiti. Mkisikia kibali kimetolewa kwenye kiwanja cha shule au cha soko, msingojee mkutano wa mwisho wa mwezi. Andikeni siku ile ile, ombeni sababu kwa maandishi, kitajeni kifungu cha 47, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa ibaki mikononi mwenu.