Kabla ya Kununua Mkebe wa Vitamini, Imarisheni Paja

Hotuba kwa wakazi wa Kiandutu, Thika



Mtu akiumwa na magoti, haichukui muda kabla jirani kumshauri anunue vitamini. Pesa ya unga inaishia dukani kwa dawa. Je, vidonge hivyo vinarudisha nguvu ya mguu?

Goti hushikiliwa na misuli ya paja. Likiuma, tunapunguza kutembea. Tukipunguza kutembea, misuli inanywea, na goti linabaki kubeba mzigo peke yake. Mama anayefua nguo za watu na kubeba mitungi ya maji anaijua hali hiyo.

Ni kweli misuli na mifupa huhitaji vitamini D, na anayepungukiwa nayo sana huweza kuishiwa nguvu. Huyo apimwe, atibiwe. Lakini vitamini si dawa ya goti lililochakaa. Nchini Australia, wagonjwa 413 wa magoti waliokuwa na kiwango cha chini cha vitamini D walifuatiliwa kwa miaka 2. Matokeo yalitolewa mwaka 2016: waliomeza vitamini hiyo hawakupata nafuu ya maumivu kuliko waliomeza vidonge visivyo na dawa. Tena, ikizidi mwilini inaweza kudhuru figo.

Misuli hujengwa kwa chakula na mazoezi. Omena, maharagwe, ndengu, mayai na maziwa vina protini. Jua letu hutusaidia kupata vitamini D bila malipo.

Zoezi ni hili: ketini kwenye kiti kisichoyumba, inukeni polepole, kisha keti tena polepole. Anayeshindwa ajisukume kwa mikono. Anzeni na mara tano, mkiongeza kidogo kidogo. Maumivu yakizidi, pumzikeni.

Kiungo kikivimba na kuwa moto, pamoja na homa, nendeni hospitalini siku hiyo hiyo. Vidole vikikakamaa kila asubuhi kwa zaidi ya saa moja, huenda ni baridi yabisi, ambayo ina dawa zake na haifai kucheleweshwa. Wahamasishaji wa afya ya jamii mtaani watawaelekeza kwenye kituo cha afya, na panapohitajika mtapewa rufaa hadi Hospitali ya Thika Level 5.

Jioni ya leo, kabla ya kulala, kila mmoja wetu ainuke kitini mara tano. Haigharimu hata shilingi.