Baridi yabisi: tumeishtaki baridi bure



Anayeijua Isansa, kule wilayani Mbozi, mkoani Songwe, katika miezi ya Juni na Julai, hahitaji kusimuliwa habari za baridi. Asubuhi ukungu umelala juu ya mibuni, na mtu akizungumza mvuke humtoka mdomoni kama anayevuta sigara. Ni miezi hiyo hiyo ambayo kahawa huvunwa, na ni miezi hiyo hiyo wazee wetu hukaa jikoni, miguu wameinyosha kuelekea mafigani, wakilalamikia magoti.

Mama yangu ni mmoja wao. Ameinama chini ya mibuni kwa zaidi ya miaka 40, amebeba ndoo kichwani, amezungusha kwa mkono mashine ya kumenyea kahawa. Sasa kuinuka kwenye kigoda ni kazi ya hatua tatu: kushika ukuta, kumwita Mungu, kisha kuinuka. Ukimuuliza anaumwa nini atakujibu, "Ni baridi tu, mwanangu."

Lugha yetu yenyewe imekwishatoa hukumu, maana ugonjwa huu tumeuita baridi yabisi. Lakini hebu tujiulize: mbona Tanga na Dar es Salaam, ambako watu hutokwa jasho hata usiku, nako wazee wanachechemea? Baridi huvikaza viungo na kuyazidisha maumivu, hilo ni kweli. Haiwi chanzo. Kwa wazee wengi kinachoharibika ni gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa ili isisagane. Umri, uzito wa mwili, ajali za zamani na kazi za kuinama na kubeba hulila gegedu hilo kidogo kidogo.

Wapo pia wanaoumwa kwa sababu nyingine kabisa. Kuna ugonjwa ambao kinga ya mwili huvigeukia viungo vyake yenyewe. Huu huweza kumpata hata mama wa miaka 35, hushika vidole vya mikono yote miwili, na asubuhi viungo hukaza kwa saa nzima au zaidi. Kuna jongo, linalopenda kidole gumba cha mguu, na linalochochewa na pombe na nyama nyingi. (Wazee wa kimpumu mnaonisikiliza, sikumtaja mtu.) Na kuna chikungunya, homa ya mbu iliyotambuliwa mara ya kwanza hapa hapa kwetu, kwenye uwanda wa Wamakonde, katika mlipuko wa mwaka 1952 na 1953. Jina hilo ni la Kimakonde, nalo lahusu kupinda, kwa jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo.

Nasema haya kwa sababu mwaka 2022 nilifanya kosa. Mama alinipigia simu akaniambia kuwa amepata dawa kiboko. Jirani alikuwa ameitumia akaitupa fimbo. Ilikuwa ikiuzwa katika vipakiti vidogo vya plastiki visivyo na jina, kila kipakiti vidonge vitatu vya rangi tofauti, na muuzaji akaiita dawa ya miguu. Mimi, mwandishi wa habari mwenye stashahada, mtu ambaye kazi yangu ni kuuliza maswali, sikuuliza hata moja. Nilituma fedha kwa simu.

Kwa wiki sita Mama alikuwa kijana. Alikwenda shambani, alikwenda kanisani kwa miguu. Uso ukajaa, mashavu yakawa ya mviringo, na majirani wakasema amenawiri, mwanawe wa mjini anamtunza. Nami nilivimba kichwa. Kisha tumbo likaanza kumwaka moto, presha ikapanda, na usiku mmoja akatapika damu.

Daktari aliyempokea alipoviona vile vipakiti alitikisa kichwa. Alituambia kuwa kwa dalili zile alishuku mchanganyiko wa steroidi na dawa kali ya maumivu. Steroidi ni dawa za maana zikitolewa na mganga anayepima, lakini zikimezwa kiholela kwa muda mrefu hupandisha presha na sukari, hudhoofisha mifupa, na kuzizoeza uvivu tezi zilizo juu ya figo hata mgonjwa asiweze kuziacha ghafla bila hatari. Diklofenaki na ndugu zake nazo, zikimezwa mfululizo, hutoboa tumbo na kuumiza figo. Ule unono wa mashavu, ndugu msikilizaji, ulikuwa ugonjwa. Ilitubidi tumwachishe dawa ile taratibu, chini ya uangalizi, na magoti yakarudi kuuma kama zamani.

Baada ya hapo ndipo tulipoanza kutafuta kinachofaa nyumbani. Sitaki nieleweke kuwa nadharau dawa za wazee. Sheria ya mwaka 2002 inaitambua tiba asili nchini, na hata aspirini, iliyoanza kuuzwa Ujerumani mwaka 1899, ilitokana na wanakemia kufuatilia siri ya magome ya mti ambayo watu wa kale waliyatumia kutuliza maumivu.

Pilipili, kwa mfano, ina sifa yake. Ule ukali wake ukipakwa kwenye ngozi kwa siku kadhaa huichosha mishipa inayopeleka habari za maumivu, na viwanda hutengeneza malhamu kwa ukali huo huo. Ya nyumbani haina kipimo, hivyo iwe kidogo sana ndani ya mafuta, isipakwe penye kidonda, isikandwe pamoja na maji ya moto, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa macho. Mama alisahau hilo mara moja tu. Tangawizi huwasaidia baadhi ya watu, ingawa si sana. Iwekeni kwenye chai bila kutarajia miujiza, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari kwanza. Kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa, kikakaa gotini kwa dakika 15 au 20, hulegeza kiungo kilichokaza. Mafuta ya simba na ya chatu waachieni wenyewe, yaani simba na chatu.

Chale nazipinga waziwazi. Wembe mmoja ukipita kwenye magoti ya watu watano huweza kuhamisha virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini. Mafuta ya taa nayo huunguza ngozi.

Lakini dawa iliyomsaidia Mama kuliko zote haichemshwi wala haipakwi. Anakaa kwenye kiti, ananyosha mguu mmoja mbele mpaka ulingane na paja, anahesabu hadi tano, anaushusha. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Misuli ya paja ikipata nguvu hulipunguzia goti mzigo. Alipinga mno mwanzoni, kwani kwake kiungo kinachouma hupumzishwa. Kinyume chake, kiungo kisichotumika hukaza zaidi. Kwa wanene, kila kilo moja inayopungua mwilini huliondolea goti uzito wa kilo nne hivi kwa kila hatua. Fimbo nayo ina kanuni ambayo wengi hatukufundishwa: ishikwe kwa mkono ulio upande wa pili wa goti linalouma.

Kigoda tulikiondoa jikoni, fundi akainua jiko, na chooni akatutengenezea kiti cha mbao chenye tundu. Gharama yake haikufikia ile ya vipakiti vya miezi miwili.

Yapo ambayo hayangoji maji ya moto. Kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa chekundu na cha moto, pamoja na homa, mgonjwa afike hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa usaha ndani ya kiungo hukiharibu kwa siku chache. Mtoto anayevimba viungo naye apimwe. Huenda ni selimundu.

Juzi nilimpigia Mama simu. Aliniambia magoti yanauma, lakini anafika shambani na kurudi. Nikamuuliza kama mazoezi amefanya. "Kumi kamili, mwanangu," alinijibu. Nyuma yake nikasikia sauti ya mjukuu: "Sita, bibi."