Nasaha ya Ndoa Si ya Wenye Ugomvi Peke Yao

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mafunzo ya familia)



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeweka baina ya mume na mke mapenzi na huruma. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Mtukufu Muhammad s.a.w. Hotuba hii tumeiandika wawili, mume na mke. Mmoja wetu anaisoma upande huu, na mwenzake yuko upande wa akina mama, tayari kwa maswali.

Tumeombwa tueleze jambo lililowashangaza baadhi yenu: kwamba sisi, tuliokaa katika ndoa kwa salama miaka 16, tulijiandikisha katika programu ya nasaha za ndoa itolewayo kwa njia ya intaneti. Ndugu kadhaa walituuliza kwa upole, "Kwani nyumbani kuna nini?" Alhamdulillah, hakuna ubaya wowote. Lakini swali hilo linaonyesha desturi inayohitaji kurekebishwa. Kwetu nasaha ya ndoa huja mara mbili tu: siku ya harusi, ambapo bibi harusi huambiwa avumilie, na siku nyumba inapowaka moto. Baina ya siku hizo mbili hupita miaka mingi ya kimya.

Ni kweli kwamba usuluhishi una mahali pake. Katika Sura An-Nisaa, Kurani Tukufu inaagiza waamuzi wawili, mmoja wa jamaa za mume na mmoja wa jamaa za mke, pale mfarakano unapohofiwa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 nayo imeweka mabaraza ya usuluhishi, na kwa kawaida shauri la talaka haliendi mahakamani kabla ya kupitia huko. Hayo ni mema. Lakini dini yetu haikuishia hapo. Katika Sura Al-Baqara, kumwachisha mtoto ziwa mapema kumefungamanishwa na ridhaa ya wazazi wote wawili na kushauriana kwao. Aya hiyo imo katikati ya aya za talaka. Ikiwa hata wazazi waliokwisha achana wanatakiwa kushauriana, sisi tunaolala chini ya dari moja tuna udhuru gani?

Tazameni pia nyumba ya Mtume s.a.w. Baada ya mapatano ya Hudaibiya, mwaka wa 6 Hijria, masahaba walikuwa na huzuni kubwa, na alipowaamuru wachinje wanyama wao na kunyoa, hawakuinuka. Aliingia hemani kwa mkewe, Bibi Ummu Salama r.a., akamweleza. Yeye akamshauri atoke bila kusema na mtu, achinje na anyoe. Akafanya hivyo, na watu wote wakamfuata. Hapakuwa na ugomvi baina ya mume na mke huyo. Palikuwa na mazoea ya kuambiana, na mazoea hayo yaliufaa umma mzima siku ya dhiki.

Sasa tuje kwenye programu. Iliyo mashuhuri miongoni mwa zile za Marekani ni OurRelationship, iliyotengenezwa na wanasaikolojia Brian Doss wa Chuo Kikuu cha Miami na Andrew Christensen wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Humchukua mtu yapata saa 8 kwa jumla. Kila mmoja hufanya kazi kubwa peke yake, kisha wawili hukutana kuzungumza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha jozi 300, ulionyesha kwamba walioitumia walipata nafuu kuliko wale waliokuwa bado wanangoja zamu yao. Hao walikuwa wenye matatizo. Sisi tulichukua nyingine, iliyo fupi zaidi na iliyowekwa kwa ajili ya wanandoa wowote.

Swali moja lilikuwa hili: ni kwa dalili gani unatambua kwamba mwenzako hakuridhika? Mume akaandika kwamba siku hiyo mkewe humwita kwa jina lake, badala ya jina la baba wa mtoto wetu wa kwanza. Tulicheka sana. Kisha tukaikumbuka hadithi iliyomo katika Bukhari, ambamo Mtume s.a.w. alimwambia Bibi Aisha r.a. kwamba anajua anaporidhika naye na anapomkasirikia: anaporidhika huapa kwa Mola wa Muhammad, na anapokasirika huapa kwa Mola wa Ibrahim. Mume mwenye mzigo wa umma mzima aliyachunguza hata maneno ya kiapo cha mkewe. Hiyo ni Sunna, kama zilivyo nyingine tunazozishikilia kwa nguvu.

Swali la pili lilikuwa zito zaidi: ni jambo gani unaliwaza bila kulisema? Tuliandika kila mtu kwake, na majibu yakawa juu ya mtu mmoja, yaani mama mzazi wa mume, ambaye macho yake yanapungua nuru naye anaishi peke yake kijijini. Mume hakutaka kumtwisha mkewe mzigo. Mke hakutaka kuonekana anaingilia mambo ya ukoo. Kila mmoja alinyamaza kwa kumhurumia mwenzake, na wakati huo mama alikuwa akipapasa ukuta kwenda kisimani. Jioni ile tulikubaliana aje kwetu, tukawapigia simu shemeji zetu juu ya gharama za matibabu. Leo yuko nasi. Ndugu zangu, kimya cha nyumba yenye furaha nacho kinaweza kumdhulumu mtu.

Hata hivyo, programu ina mipaka yake. Kwanza, iliizungumzia ndoa kana kwamba ni ya watu wawili peke yao. Haikuuliza lolote juu ya wakwe, ukoo, wala juu ya Mwenyezi Mungu ambaye mbele yake tutahesabiwa. Pili, majibu huhifadhiwa mahali tusipopajua. Mtume s.a.w. amekemea vikali kutoa nje siri za chumbani, kwa hiyo maswali ya namna hiyo tuliyaacha bila kuyajibu, nanyi tunawausia vivyo hivyo. Tatu, anayepigwa au kutishwa asiambiwe akajaze maswali kwenye simu. Huyo apelekwe mahali pa usalama, kwa jamaa na wazee waadilifu, na kwenye dawati la jinsia la polisi.

Wala hapana haja ya intaneti ili kulipata lililo jema humo. Chagueni usiku mmoja kila mwezi, baada ya Sala ya Isha, watoto wakiwa wamelala. Chukueni karatasi mbili. Kila mmoja aandike peke yake mambo matatu: jema alilotendewa na mwenzake mwezi huo, jambo analoliwaza bila kulisema, na jambo moja analoomba. Asiyejua kuandika aseme, na mwenzake asimkatize. Anzeni na lile jema. Msifukue yaliyokwisha samehewa. Mkimaliza, chaneni karatasi, kisha ombeni pamoja dua iliyomo mwishoni mwa Sura Al-Furqaan, ya kujaaliwa wake na watoto walio kiburudisho cha macho.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tunaongeza kwamba ufa huonekana na yule anayeuangalia ukuta ungali umesimama. Basi msingoje siku ya baraza. Na anayewaona mume na mke wakitafuta nasaha asiwadhanie vibaya, kwani huenda wanaitunza neema waliyopewa.

Mwenyezi Mungu azijaze nyumba zetu mapenzi na huruma, na atujaalie tuwe wepesi wa kushauriana katika raha kabla ya shida. Amin.

Wassalaam alaykum wa rahmatullahi wa barakaatuh.