Simu Wodini: Tazama Soketi

Bila shaka unaujua mlio huu: trrt-trrt-trrt, trrt-trrt-trrt, kimya kidogo, halafu simu inaita. Hapa studioni fundi mitambo akiusikia hukunja uso na kuanza kumsaka aliyeingia na kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, mfukoni. Hapo simu inazungumza na mnara. Inarusha mawimbi kwa vishindo, zaidi ya mara 200 kwa sekunde, na nyaya za spika zinayanasa na kuyageuza sauti. Sasa kama spika inayanasa, mashine iliyo kando ya kitanda cha mgonjwa je?

Swali hilo ndilo lililobandika ile karatasi ya “Zima simu” kwenye kuta za wodi nyingi nchini. Na tusidanganyane, hakuna anayeitii. Mtu wa Kiwanjani, hapa Isiolo, akifika hospitali, kaunta wanamuuliza kama amejisajili na SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Atabonyeza *147# kwa kutumia nini? Dawa ikikosekana, shemeji aliye Nairobi anatuma hela kwa M-Pesa ikanunuliwe nje. Sista naye anamwita daktari kwa simu yake mwenyewe. Hospitali inayokuhudumia kwa simu tangu kaunta haiwezi kukuamuru uizime ukifika kitandani, ikategemea kwamba utasikia.

Rai yangu ni kwamba karatasi ile inatutisha kwa jambo dogo na kutuficha kubwa.

Dogo kwanza, kwa maana si kwamba halipo. Mwaka 2007 watafiti wa Amsterdam waliripoti kwamba waliweka mawimbi ya simu, yenye nguvu kamili, karibu na mashine 61 za chumba cha wagonjwa mahututi. Mashine 26 zilivurugika kwa namna moja au nyingine. Mwaka huohuo, hospitali ya Mayo kule Marekani iliripoti kwamba ilijaribu simu za kawaida katika vyumba 75 vya wagonjwa, majaribio 300, na hapakutokea hitilafu hata moja. Nani mkweli? Wote. Kule Amsterdam, hitilafu nyingi zilitokea simu ikiwa sentimita chache tu kutoka kwa mashine. Sogea hatua moja nyuma na nguvu ya mawimbi inaporomoka.

Wengi hudhani simu kubwa ya bei ndiyo hatari. Kumbe kabambe ya 2G inaweza kurusha hadi wati 2, na simu inayotumia 4G mwisho wake ni karibu wati 0.2. Tena mtandao ukiwa hafifu, ndani ya kuta nene, simu huongeza nguvu, kama mchungaji anayemwita mwenzake ng'ambo ya laga. Kwa hiyo ukitaka kupiga simu, usiiname juu ya inkyubeta ya mtoto. Nenda dirishani. Mita moja kwa kawaida inatosha.

Na kuna chombo kinachotishia mashine kuliko simu, ambacho sijaona kikipigwa marufuku wodini: wokitoki. Isiolo hii imejaa redio hizo, kuanzia kwa polisi na walinzi wa wanyamapori hadi kwa askari wa getini. Mwaka 1997 Waingereza waliripoti kwamba walipima aina 178 za mashine za matibabu. Umbali wa mita moja, simu za mkono zilivuruga mashine 4 katika kila 100. Redio za vikosi vya dharura zilivuruga 41. Wokitoki ya kawaida haijui kujipunguzia nguvu. Kila ukibonyeza kitufe inatoa nguvu zake zote. Afande akimsindikiza majeruhi, redio yake ibaki kwenye korido.

Wenye pesimeka, ile mashine ndogo inayopachikwa kifuani kuongoza mapigo ya moyo, nawasemesha peke yenu. Kwenu suala si mawimbi tu, ni sumaku. Mashine hizi zimetengenezwa kwa makusudi zitambue sumaku, ili daktari aweze kuzibadilisha mwenendo bila kupasua. Mwanzoni mwa 2021, madaktari wa hospitali ya Henry Ford, mjini Detroit, waliripoti kwamba waliposogeza iPhone 12, yenye sumaku ndani, kwenye kifua cha mgonjwa mwenye mashine ya kushtua moyo, mashine iliacha kazi yake mpaka simu ilipoondolewa. Wataalamu wanasema simu ikae angalau sentimita 15 kutoka kwa mashine, yaani karibu shubiri moja. Ongea kwa sikio la upande wa pili, na usiku simu isilale kifuani. Na kina mama wa sokoni mnaofutika simu ndani ya nguo, hapo juu ya moyo: kwa mwenye pesimeka, hakuna mahali pabaya kupita hapo.

Sasa kubwa. Mtu ametoka Merti na mgonjwa, safari ya siku nzima, simu imekufa. Nyumbani wanangoja habari: ameamka, hajaamka? Anaingia wodini, anatazama ukutani. Soketi ni mbili. Moja ina eksitensheni iliyobeba chaja tatu na pawabenki. Ya pili ina waya mweupe unaopotelea chini ya kitanda. Hajui ni wa nini. Anauchomoa “dakika kumi tu.”

Waya ule ni wa mashine ya oksijeni, ile inayovuta hewa ya chumbani na kuichuja. Nyingi hazina betri. Stima ikikatika, oksijeni nayo inakatika. Juni 2020, kutoka Kota, India, iliripotiwa kwamba jamaa za mgonjwa walichomoa mashine ya kupumulia ili wachomeke kipoza hewa walichonunua. Mashine ikabaki kwenye betri, betri ikaisha, mgonjwa akafariki. Hao hawakuwa watu wabaya. Kulikuwa na joto.

Simlaumu mtu wa Merti. Kumwambia asichaji ni kumwambia asiwajibu watu wake. Hospitali zetu, ya rufaa hapa mjini na zile za Garbatulla na Merti, zinaweza kufunga ubao wa soketi nje ya wodi, pale mlinzi anapokaa, kila mtu achaji akitazama simu yake. Soketi za kando ya kitanda zipakwe rangi nyekundu. Na ile karatasi ya “Zima simu” ibanduliwe, ibandikwe nyingine: “Simu mita moja kutoka kwa mashine. Soketi nyekundu ni ya mgonjwa.” Iandikwe kwa Kiswahili, Kiborana, Kisomali, Kiturkana, Kisamburu na Kimeru, na kwa asiyesoma uchorwe mchoro wa mkono unaochomoa waya, ukatwe kwa mstari.