Je, Injini ya Ndege Hugeuza Mzunguko Ikweta?

Leo tujibu swali ambalo vijana wetu hupenda kuuliza: ndege ikivuka ikweta, injini yake huanza kuzunguka upande mwingine? Hapana. Ndege za kutoka Nairobi kwenda Addis Ababa huvuka ikweta kila siku, na injini haina habari.

Ndani ya injini ya jeti mafuta huwaka, na hewa ya moto husukuma mapanga yaliyoinamishwa upande mmoja tangu kiwandani. Mwinamo huo ndio unaoamua mzunguko. Tena ile ndege ya ndugu Wright, iliyoruka Marekani mwaka 1903, ilikuwa na propela mbili, moja ikizunguka kulia na nyingine kushoto, ili ndege isivutwe upande. Na zote mbili zilikuwa kaskazini ya ikweta!

Lakini mtu atasema, "Mbona maji ya Nanyuki yanageuka?" Ni kweli, pale kwenye mstari wa ikweta wageni huonyeshwa beseni lenye tundu. Hatua chache kaskazini maji huzunguka hivi, kusini vile. Siri iko kwa mkono: namna maji yanavyomiminwa, au mtu anavyogeuka na beseni.

Dunia ikizunguka hupinda kweli mwendo wa vitu, lakini kidogo sana, na karibu na ikweta ni kama hakuna. Jambo hilo huonekana kwa vitu vikubwa. Kimbunga Idai kilichopiga Beira, Msumbiji, Machi 2019, kilizunguka kufuata mishale ya saa. Vya kaskazini huzunguka kinyume. Beseni ni dogo mno. Nayo injini huzunguka maelfu ya mara kwa dakika, dunia mara moja tu kwa siku.

Haya yanatuhusu nini? Mwenye beseni hutuonyesha mara moja, kwa mkono wake. Anayeleta dawa mpya ya mahindi kikundini hufanya vivyo hivyo. Basi tuchukue beseni letu, tuache maji yatulie, tuzibue polepole mara kumi, na katibu aandike kila mara yamezunguka upande gani. Tukizoea hivyo, hata pesa ya kikundi haitatoka kabla hatujajaribu kitu wenyewe, tena zaidi ya mara moja.