STAREHE YA NYUMBA NA MZIGO WA MAMA

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Hesabu za Chama zimekwisha kusomwa, na Mweka Hazina wetu amesifiwa kama alivyostahili. Mimi sikuja kusema juu ya fedha iliyomo katika sanduku la Chama. Nataka kusema juu ya fedha ile ndogo inayobaki mikononi mwetu baada ya kulipa chakula, karo na mavazi, ambayo mtu hununulia raha ya nyumba yake.

Nisidhaniwe kuwa nachukia raha. Mtu aliyefanya kazi tangu alfajiri astahili kiti kizuri, taa yenye nuru na redio ya kusikiliza. Wazee wetu nao walipenda starehe, na walijua kuitengeneza. Bibi zetu walisuka mikeka ya ukindu na miyaa wakaitia rangi. Mababu walisuka vitanda vya kamba, wakajenga baraza mbele ya nyumba, upepo wa bahari na habari za mji zikapita mahali pamoja. Jioni walicheza bao, mchezo wa mashimo 32 na kete 64, ambao hata asiye na ubao aweza kuuchimba ardhini chini ya mwembe na kuucheza kwa komwe. Starehe hizo zilikuwa na sifa mbili: jirani aliweza kuzishiriki, na zikiharibika, fundi wake hakuwa mbali.

Sasa, kwa idhini yenu, nitasimulia aibu yangu mwenyewe, maana si vyema kumwonya mtu kwa kosa la mwingine wakati unalo lako.

Nilikuwa nafanya kazi katika hoteli moja ya Diani. Mwaka 2019 niliingia duka moja la ng'ambo ya kivuko cha Likoni, nikaona viti vya sebuleni vya sponji, vyekundu, na meza yake ya kioo. Sikuwa na fedha taslimu. Nikaandikiana na mwenye duka kulipa kidogo kidogo kila mwezi. Viti vilipofika kijijini watoto waliruka juu yake, na majirani walikuja kunipongeza. Mke wangu alitabasamu, akajitwika mtungi wake, akaenda kisimani.

Mwezi wa Machi 2020 ugonjwa wa korona uliingia nchini. Wageni wakakoma kuja, na hoteli nyingi za Diani zikafunga milango. Mshahara wangu ukakatika. Mwezi wa kwanza sikulipa, wala wa pili, na baada ya hapo lori likaja. Sikuwa na neno la kusema, kwa sababu mkono wangu ndio uliotia sahihi. Vijana walivitoa viti mbele ya macho ya majirani wale wale walionipongeza. Mke wangu akatandika mkeka mahali vilipokuwa, tukakaa. Wahenga walinena: kukopa harusi, kulipa matanga.

Usiku ule nilijiuliza swali ambalo ningalipaswa kujiuliza dukani: viti vile vilimpumzisha nani? Mimi nilikaa. Mama wa nyumba hakupata saa ya kukaa. Kila siku alileta mitungi mitano kutoka kisimani, na mtungi wa lita 20 ni kilo 20 za maji juu ya kichwa. Nyumba yangu ilikuwa na kiti cha raha na shingo iliyochoka.

Ndugu zangu, katika kaunti yetu hii tuna mafunzo mema juu ya jambo hili. Kuanzia mwaka 1983 pampu za mkono za namna mbalimbali zilijaribiwa huku kwetu, pande za Diani na Msambweni, na majaribio hayo yalisaidia kuunda pampu ya Afridev, ambayo sasa yatumika katika nchi nyingi za Afrika. Lakini sifa ya kazi ile haikuwa chuma peke yake. Vijiji viliunda kamati za maji na kuweka akiba ya matengenezo, na wanawake walifundishwa kuitunza na kuirekebisha pampu wao wenyewe. Yaani kabla ya kitu kufika, waliuliza: kikivunjika, nani atakitengeneza, na kwa fedha gani? Swali hilo lafaa kwa kila kitu tununuacho.

Basi nilipopata kazi tena sikurudi duka la viti. Nilitazama paa langu. Lilikuwa la mabati, mita 5 kwa mita 8, nalo halina sifa ya makuti: mchana huchoma kama jiko. Lakini mabati yana fadhila moja. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya paa kama hilo, hushuka lita 400. Tukitoa sehemu ya tano inayopotea, zabaki lita 320, yaani mitungi 16. Nayo mvua ya ukanda wetu wa pwani kwa kawaida hupita milimita 1,000 kwa mwaka, ingawa ndugu zetu wa Kinango hawapati kiasi hicho. Miaka yote ile nilikuwa nayaachia maji hayo yachimbe ua wangu, na mke wangu akiyafuata kisimani.

Nilianza na mfereji wa paa na pipa moja. Zamu yangu ya mchango iliponifikia, nikanunua tangi kwa fedha taslimu. Maji ya mvua ya kwanza twayaacha yaoshe paa, na mdomo wa tangi tumeufunika kwa wavu ili mbu wasizae humo. Masika yalipoingia, mke wangu alikaa barazani saa kumi za alasiri akisuka mkeka. Tangu tuoane sikuwahi kumwona ameketi saa ile.

Sisemi kila deni ni baya. Tangu mwaka 2007 simu imekuwa mkoba wetu wa fedha, na tangu 2012 yatumika kukopea pia. Taa ya jua inayolipiwa kidogo kidogo kwa simu imemwondolea mtoto moshi wa kibatari akisoma. Hata hivyo taa nyingi za namna hiyo hujizima usipolipa, na mkopo wa simu hupatikana upesi kuliko fikira. Deni la kitu kinachopunguza kazi au gharama laweza kujilipa. Deni la kitu cha kutazamwa hulipwa na tumbo.

Kwa hivyo, Bwana Mwenyekiti, naomba jambo moja liandikwe katika kumbukumbu za mkutano huu. Kila mwanachama atakayepokea zamu yake mwaka ujao, kabla ya kununua televisheni au viti, aulize nyumbani maswali mawili: Kitu hiki chapunguza mzigo wa nani? Kikiharibika, nani atakitengeneza? Na swali la kwanza asijijibu mwenyewe. Amwachie mkewe ajibu.

Viti nitanunua, inshallah. Mke wangu amekwisha kuchagua rangi, wala si nyekundu. Akiba yake ipo, na siku vitakapofika hapatakuwa na lori la kuvirudia. Siku hiyo nyote mwakaribishwa mje mkae, na maji ya kunywa yatakuwapo.